Vimikate vya msalaba vya Pasaka, kwa makaa

Ijumaa Kuu Waingereza hula vimikate vitamu vilivyochorwa msalaba juu. Mimi huvipika hapa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na iliki nazidisha makusudi. Viungo tunavyo, choyo cha nini?

Chekecha unga wa ngano gramu 500. Tia sukari gramu 75, hamira vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo, iliki na mdalasini wa kusaga. Karafuu iwe chembe tu, maana ina ubabe. Ongeza yai moja, siagi gramu 50, kisha maziwa ya vuguvugu kama mililita 250, kidogo kidogo. Kanda dakika 10 hadi unga uvutike bila kukatika. Changanya na zabibu kavu, funika. Kwa joto letu, saa moja yatosha kuumuka.

Kata madonge 12, yapange kwenye sufuria pana iliyopakwa siagi, yaumuke tena. Koroga unga na maji uwe mzito, uchoree misalaba. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Dakika 25 hivi, ila amini pua yako kuliko saa. Vikiiva, vipake shira vingali moto.

Wagiriki husuka mkate wao wa Pasaka, tsoureki, wakapachika yai jekundu. Waitaliano wana colomba, wenye umbo la njiwa. Kulich ya Warusi ni ndefu, yenye sukari nyeupe kichwani. Ukitaka kuijaribu, kopo tupu la maziwa ya unga linafaa kabisa, lipake siagi vizuri na usilijaze kupita nusu.