Ukienda kununua deki, beba flashi yako

Deki nyingi za bei rahisi zimeandikwa "USB" kwa herufi kubwa usoni, mtu anadhani basi itacheza kila kitu. Wapi! Tundu la USB ni mlango tu. Kinachosoma video ni chipu ya ndani, na kwenye deki nyingi za DVD mwisho wake ni DivX na Xvid, mitindo ya zamani ya kubana video, zile faili za AVI. Muvi nyingi za siku hizi, za MP4 na MKV, zimebanwa kwa mtindo mpya zaidi, H.264, na hapo unapata sauti bila picha, au deki inakataa kabisa.

Kwa hiyo angalia nembo ya DivX kwenye boksi. Bora zaidi, weka kwenye flashi AVI moja, MP4 moja, na muvi yenye manukuu ya SRT, yaani faili la maandishi lililo kando ya video (jina lake lifanane na la video), halafu mwombe muuzaji achomeke mbele yako. Akianza visingizio, hamia duka la jirani.

Flashi yenyewe iformatiwe kwa FAT32 (mfumo wa kupanga faili kwenye flashi), maana za mifumo ya NTFS na exFAT deki hizi kwa kawaida hazizioni. Ila FAT32 haipokei faili inayofika GB 4.

Na kama muvi zako karibu zote ni MP4, jaribu kwanza kuichomeka flashi kwenye TV. Flati nyingi zenye USB zinasoma H.264 zenyewe, deki ukaiachia CD za harusi na kwaya.