Somo: Siku moja ya kutembea London na familia bila kuwachosha watoto

Wazazi wengi wakifika London hupanga vivutio kumi kwa siku moja. Ikifika saa nane mchana mtoto analia, mama kanuna, baba kabeba mabegi yote. Nguvu za watoto huishia njiani, kwenye kupanda na kushuka treni. Kwa hiyo njia ninayoipendekeza inaanzia magharibi asubuhi na kuishia mashariki jioni, bila kurudi nyuma hata mara moja. Saa nilizoandika ni za Kiswahili. Tiketi za huko zikisema 14:30, maana yake ni saa nane na nusu mchana.

Hatua ya 1: Nauli, usiku wa kuamkia safari

Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014. Kila mtu mzima awe na kadi yake ya benki ya kugusa, au kadi ya Oyster, yaani kadi ya nauli ya London unayoijaza pesa. Watoto chini ya miaka 11 husafiri bure, hadi wanne kwa mtu mzima mmoja aliyelipa. Kwenye treni gusa ukiingia na ukitoka, kwenye basi gusa ukipanda tu. Mtu asibadilishe kadi katikati ya siku: makato yana kikomo cha siku, na hata kadi na simu za akaunti moja huhesabiwa kama wasafiri wawili.

Hatua ya 2: Saa 4:00 asubuhi, Natural History Museum

Haya ni makumbusho ya viumbe na mambo ya asili. Shukeni kituo cha South Kensington. Kiingilio ni bure, ila wekeni nafasi mtandaoni mapema. Foleni ya mlango mkuu ikiwa ndefu, zungukeni upande wa Exhibition Road.

Nendeni kwanza ukumbi mkubwa. Juu ya vichwa vyenu mtaona mifupa ya nyangumi buluu, mita 25.2, ikining'inia kana kwamba anapiga mbizi. Nyangumi huyo alikwama pwani ya Ireland mwaka 1891. Mpandisheni mtoto ghorofani amtazame usawa wa macho. Ukubwa wake unaeleweka zaidi ukiwa pale juu. Baadaye ndipo mwende kwa dinosaria. Chagueni sehemu mbili au tatu, basi. Jengo lile halimalizwi kwa siku moja, na anayelazimisha kulimaliza anaiharibu siku yote.

Hatua ya 3: Saa 7:00 mchana, St James's Park

Treni ya njia ya District au Circle, vituo vitatu tu. Kuleni chakula cha mchana bustanini, watoto wakimbie. Saa 8:30 mchana muwe karibu na ziwa: kila siku saa hiyo ndege aina ya mwari hulishwa samaki. Ndege hawa wamekuwepo hapo tangu 1664, zawadi ya balozi wa Urusi. Mwari akipanua mdomo, ule mfuko wa chini unavutika kama kapu la mpira, na mtoto aliyekuwa anasinzia ataamka.

Hatua ya 4: Farasi, kisha Big Ben

Vukeni bustani hadi Horse Guards. Askari wawili wa farasi husimama zamu hapo hadi saa 10:00 jioni. Piga picha, lakini mshike mtoto mkono. Farasi wale huuma. Ondokeni mapema kidogo, mfike daraja la Westminster kabla ya saa kumi kamili, mkasikie kengele ya Big Ben ikigonga mara nne.

Hatua ya 5: Boti hadi Tower Bridge

Pandeni gati la Westminster, mshuke gati la Tower. Kadi ileile inafanya kazi, ila bure ya miaka 11 haihusu boti; walio chini ya miaka 5 tu ndio hawalipi. Daraja lenyewe, la mwaka 1894, hufunguka katikati kupisha meli kama mara 800 kwa mwaka, na ratiba huwekwa kwenye tovuti yao. Kurudi, tumieni kituo cha Tower Hill.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante kwa somo mkuu. Tunakwenda na bibi yetu, magoti yanamsumbua. Ataweza?

Jibu: Ataweza, shikamoo yake. Epukeni kituo cha South Kensington, kina ngazi nyingi. Pandeni basi: hushushwa usawa wa njia na lina viti vya wazee mbele. Makumbusho yana lifti, na Westminster na Tower Hill pia. Sehemu ya Horse Guards iacheni ikibidi, apumzike bustanini.

Swali: Mwanangu ana miaka 13. Analipa kama mkubwa?

Jibu: Hapana. Mnunulie Oyster, kisha mwombe mhudumu wa kituo aiwekee punguzo la wageni wa miaka 11 hadi 15. Atalipa nusu kwa siku 14. Kadi ya benki haiwekewi punguzo hilo.

Swali: Sisi tutakuwa huko Desemba. Mpango ni uleule?

Jibu: Ugeuzeni. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo anzeni Tower Bridge asubuhi, boti hadi Westminster, mwari saa 8:30, mmalizie makumbusho, ambayo hufungwa saa 11:50 jioni. Tarehe 24 hadi 26 makumbusho hayafunguliwi, na tarehe 25 hakuna treni wala basi la umma jijini.