Andika wiki ya kila mimba iliyotoka, ndipo uende kwa daktari

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, si nesi. Mimba zangu tatu zilitoka kati ya 2016 na 2019, na jibu la kwa nini zinatoka lilichelewa kwa sababu kila nikienda hospitali nilienda mikono mitupu. Nikiulizwa ilikuwa na wiki ngapi, najibu, "Changa tu, daktari." Changa tu haimsaidii mtu.

Kwa hiyo anza na daftari. Mimi nilichukua lile la vipimo vya wateja, kila mimba nikaipa ukurasa wake. Andika siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, maana wiki zinahesabiwa kuanzia hapo, si siku uliyopima mkojo. Andika siku damu ilipoanza, na kama tumbo liliuma kwanza au maji yalimwagika tu bila uchungu. Ultrasaundi ilionaje: moyo unapiga, au mfuko mtupu? Ilitoka yenyewe, au ulisafishwa? Karatasi za ultrasaundi zipige picha mapema kwa simu, zinafifia. Ya mimba yangu ya kwanza leo ni nyeupe kama leso mpya.

Ukishajaza, tazama wiki. Mimba ya wiki saba, nane, mfuko mtupu, mara nyingi ni hitilafu ya kromosomu, zile nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi. Mtoto huhitaji kromosomu 46, 23 za mama na 23 za baba. Ikizidi au kupungua moja, mara nyingi mimba inasimama. Kiasi cha nusu ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya kwanza ni hivyo, na kadiri umri wa mama unavyosogea kwenye 40 makosa haya huongezeka. Si kwa sababu ulibeba ndoo au ulipanda bodaboda vibaya. Lakini ikijirudia, inawezekana mmoja wenu ana vipande vya kromosomu vilivyobadilishana nafasi, naye mzima kabisa, hana dalili. Hukutwa kwa jozi mbili hadi tano za wenzi kati ya jozi 100. Ndiyo maana baba naye anatoa damu. Mume wangu alinuna siku mbili, kisha akaenda, ila kwao hatukusema.

Umbo la kizazi nalo huangaliwa: ukuta uliogawa mfuko katikati, uvimbe unaosukumia ndani, au makovu yaliyobaki baada ya kukwanguliwa. Tezi ya shingo na kisukari ni vipimo vya damu vya kawaida, omba vyote siku moja uokoe nauli.

Sasa ukurasa wangu wa tatu. Wiki 17, mtoto ameumbika vizuri, moyo ukanyamaza. Daktari mmoja mama aliusoma mara mbili, akaacha kuzungumzia kromosomu, akaandika vipimo vya antifosfolipidi. Hizi ni kinga za mwili zinazogeuka adui: damu inaganda ovyo, na kondo la nyuma linashindwa kujijenga vizuri, mtoto anakosa lishe na hewa. Vipimo ni vitatu, na ukikutwa na kinga hizo lazima urudie baada ya wiki 12, kwa kuwa hata maambukizi ya kawaida yanaweza kuzipandisha kwa muda. Nilipima Januari, nikarudia Aprili. Miezi hiyo mitatu nilishona sare za shule tu ili nisifikiri. Majibu yakawa yale yale.

Mimba ya nne nilianza aspirini ya miligramu 75 kila siku na sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tumboni tangu kipimo kiliposoma mistari miwili. Tumbo lilijaa madoa kama embe lililodondoka. Nilijichoma mwenyewe, mkono wa fundi umezoea sindano. Binti alizaliwa 2021.

Kuhusu chango: nilikunywa mizizi miezi saba, nikamaliza pesa za cherehani ya pili. Na lile la "damu zenu haziendani", kundi O na kundi A si tatizo. Ukiwa Rhesus hasi, yaani kundi lako lina alama ya kutoa kama O-, ni jambo jingine, waambie hospitali mapema kila mimba, ila hilo husumbua zaidi mimba zinazofuata zikiwa kubwa, si la kueleza zile za wiki nane.

Jiandae pia kuambiwa hakuna kilichoonekana. Karibu nusu ya wenzi huambiwa hivyo, na wengi wao hatimaye hupata mtoto, hata bila dawa.

Wifi yangu alipopoteza ya pili alikuja kuniomba vidonge vyangu vya aspirini. Nikamnyima, nikampa daftari. Tukajaza pamoja juu ya meza ya kukatia: zote mbili karibu wiki 20, maji yalimwagika, hakuna uchungu, mtoto alitoka hai. Wala halikuwa tatizo kama langu. Mlango wake wa kizazi ulikuwa unafunguka kabla ya wakati. Mimba iliyofuata alishonwa mlango huo wiki ya 13, na uzi ukatolewa wiki ya 37. Alicheka akasema kwenye ukoo wetu mafundi tumekuwa wengi.