Kupiga silingi ya mabati ya nakshi kwenye nyumba ya zamani

Sisi tunaishi Ohio, nyumba yetu ni ya 1924, na silingi ya sebuleni ilikuwa plasta ya zamani imejaa nyufa, kila baada ya siku mbili tatu unafagia vumbi la chokaa kwenye kochi. Mimi na shemeji yangu tukaamua kuipiga mabati ya nakshi wenyewe. Sio bati la paa jamani, haya ni mabati membamba ya chuma yaliyogongwa kwenye chapa mpaka yakatoa maua na miraba. Marekani yalishika sana kuanzia miaka ya 1880 maana mtu alipata urembo kama wa plasta ya kuchonga kwa bei ndogo, na huko Missouri kiwanda cha W.F. Norman kilichoanza 1898 kinayatengeneza mpaka leo. Hata ule ukumbi mkubwa wa Sydney Town Hall kule Australia waliupiga silingi ya zinki ya nakshi, waliogopa mtetemo wa kinanda chao kikubwa utawaangushia plasta watu vichwani.

Kabla hujagusa kitu, kama nyumba ni ya kabla ya 1978 hesabu kwamba rangi ya zamani ina madini ya risasi, na zile silingi za vipelevipele zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usikwangue hovyo, peleka kipande kipimwe kwanza. Halafu zima umeme kwenye swichi kuu, sio swichi ya ukutani, shusha taa.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye vipimo, na hapa ndo nawaomba msiwe na haraka. Chumba cha zamani hakina kona iliyonyooka, chetu upande mmoja ulizidi mwenzake kwa inchi nzima, ukianza kupanga kwa kufuata ukuta basi ukifika katikati maua yameshakwenda upande na hakuna mtu atakayeingia asiyaone. Tafuta katikati ya kila ukuta, piga uzi wa chaki kutoka ukuta hadi ukuta, mistari miwili ikatane, halafu hakikisha imekatana sawasawa kwa 3, 4, 5: pima futi 3 kwenye mstari mmoja, futi 4 kwenye mwingine, mshazari lazima usome futi 5 kamili. Usiposoma, sogeza mstari, usijidanganye.

Chetu kilikuwa futi 11 na inchi 4 kwa futi 13 na inchi 8. Konisi tuliyonunua (ule urembo wa pembeni unaofunika pale ukuta unapokutana na silingi) inakula inchi 4 kila upande, kwa hiyo ikabaki futi 10 na inchi 8 kwa futi 13. Mabati ya futi 2 kwa 2 yanaingia matano kwa sita, jumla 30 mazima, na pembeni kote unabakiwa na mkanda, wa inchi 4 kila upande kwenye upana na inchi 6 kila upande kwenye urefu, huo unajazwa na bati la kujazia lenye nakshi ndogo, na ulikate lizidi inchi moja ili liingie chini ya konisi. Ongeza mabati mawili matatu ya akiba maana utaharibu, sisi tuliharibu mawili.

Juu kwanza, kabla ya hiyo mistari ya chaki, tulifunga plaiwudi ya inchi 3/8 kwa skrubu za inchi 2 na nusu, zishike boriti zenyewe sio plasta tu (boriti zetu ziko kila baada ya inchi 16, ukitoboa na msumari mwembamba unazisikia). Wengine wanapiga mbao nyembamba, inakubali, ila kwenye plaiwudi unapigilia msumari popote na kwa mtu anayeanza hiyo ni raha kubwa. Boksi la taa lisibaki limezama ndani, liongezee ringi lifike usawa wa bati, na waya wa ethi uwe umefungwa vizuri kwa sababu silingi nzima sasa ni chuma.

Kupigilia anzia upande ulio mbali na mlango mkubwa uje kuelekea mlangoni, ila fuata mistari ya chaki sio ukuta, kila bati linalofuata lilalie juu ya lililotangulia. Hivo mtu akiingia ule ukingo wa bati unaangalia upande wa pili, haoni maungio. Misumari igonge kidogo tu kwanza, kwenye vile vishanga vya ukingoni (vinundu vidogo vilivyotokeza kama shanga), karibu kila inchi 6, ukishamaliza safu nzima na ukaona iko kwenye mstari wa chaki ndo unakaza. Ukikaza moja moja, bati la tano litakuwa limeshaacha mstari. Vaa glavu nzito na miwani, ukingo wa bati hili unakata kama wembe.

Maungio yakiachia uwazi usiongeze misumari ovyo, chukua kipande cha mbao au nyundo na patasi butu, gonga taratibu juu ya kishanga mpaka kilale, utasikia mlio unabadilika kutoka wa debe tupu na kuwa mzito.

Konisi inakuja mwisho, na kwenye kona mmoja ashike mwingine akate kwa mkasi wa bati, jaribu kwanza na karatasi ngumu.

Bati likiwa halijapakwa kiwandani lina mafuta, lifute na spiriti ya rangi, halafu praima (rangi ya chini ya kutangulizia) ya mafuta, usiweke ya maji kwenye chuma kitupu, kutu itatokeza. Bafuni nunua ya alumini. Sisi tulipaka nyeupe iliyofifia, tukaacha ikauke siku nzima ndo tukarudisha taa.