Data Zako Zimevuja? Jinsi ya Kudai Fidia Nchini Kenya

Sako, hospitali au kampuni ya mikopo ikivujisha data za wateja, inaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kutegemea kipi ni kidogo kati ya hivyo viwili. Hiyo ni pesa ya serikali. Fidia yako ni dai jingine, na utaipata ukithibitisha madhara yaliyokufika wewe.

Hatua ya 1: Hifadhi ushahidi leo

Usifute SMS hata moja. Picha ya skrini ionyeshe namba iliyotuma, tarehe na saa. Iliyokatwa ikabaki maneno matupu haina nguvu. Toa taarifa ya M-Pesa au benki. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, ripoti polisi na uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Weka risiti, hata za nauli. Andika pia usiku uliokosa usingizi na simu za vitisho ulizopokea, kwa tarehe, maana kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinatambua hata dhiki isiyo na hasara ya pesa.

Hatua ya 2: Iandikie taasisi

Kwa barua au baruapepe, si kwa simu. Sheria inaitaka imjulishe Kamishna wa Data, afisa wa serikali anayesimamia sheria hiyo, ndani ya saa 72 tangu igundue uvujaji. Andika hivi:

"Nijulisheni ni data zangu zipi zilizofikiwa, mligundua lini, na mlimjulisha Kamishna tarehe gani. Naomba pia nakala ya data zangu zote mlizo nazo."

Nakala hiyo ni bure, na kanuni za 2021 zinawapa siku 7. Wakinyamaza, barua yako isiyojibiwa ni ushahidi. Wakikupa vijisenti utie sahihi kwamba mmemalizana, kataa mpaka ujue hasara yako yote.

Hatua ya 3: Lalamika kwa Kamishna

Jaza fomu DPC 1, bila malipo. Hata kwa mdomo unapokewa. Malalamiko mengi hudhoofika kwa sababu ya sentensi kama "data zangu zilitumiwa vibaya", basi. Taja nani, data gani, lini, hasara kiasi gani na unachodai. Kama iliyodukuliwa ni kampuni iliyotunza mitambo ya taasisi, taja kampuni na taasisi zote mbili. Kamishna ana siku 90 za kuchunguza na kuamua.

Hatua ya 4: Mahakama

Usiporidhika, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Wanaoanza na kesi ya faragha chini ya Ibara ya 31 ya Katiba mara nyingi hurudishwa: walimruka Kamishna. Picha za simu zilizochapishwa huhitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zilitoka kwenye simu gani na zilichapishwaje. Kwa hiyo usiiuze simu hiyo kabla kesi haijaisha.