Namna ya Kuchagua na Kutumia Vitabu vya Historia ya Marekani

Anayeanza kufundisha au kusoma historia ya Marekani asikimbilie kitabu kinene. Aanze na waraka mmoja mfupi, ausome mara mbili, ndipo atafute kitabu cha kuufafanua, kwa kuwa mwanafunzi aliyekwisha kuuona waraka wenyewe hukifungua kitabu akiwa na maswali yake, ilhali aliyeanza na kitabu hukariri majibu ya mwandishi.

Katiba ya mwaka 1787 inafaa mno kwa kazi hiyo, nayo inapatikana bure katika tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani. Waagize wanafunzi watafute humo neno lenye maana ya mtumwa au utumwa. Hawataliona popote mpaka wafike kwenye Marekebisho ya 13, ya mwaka 1865, yaliyoupiga utumwa marufuku. Kisha warudishe kwenye Ibara ya Kwanza, panapoelezwa jinsi ya kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi: watu huru wanahesabiwa wote, halafu zinaongezwa sehemu tatu katika tano za "watu wengine wote". Waulize hao wengine ni akina nani, na kwa nini waandishi walikwepa kuwataja. Kipindi kizima kikiishia kwenye maneno hayo matatu, hakijapotea.

Kwa wanafunzi wa pwani yetu, ongeza kitambaa cha merikani, ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Zanzibar wakanunua pembe za ndovu, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Viwanda vilivyokifuma vilikuwa kaskazini, lakini pamba ilitoka kusini, mashambani mwa watumwa.

Baada ya hapo wasikie sauti za waliotumikishwa. Simulizi ya maisha ya Frederick Douglass, iliyochapishwa mwaka 1845, ni fupi na inasomeka kwa juma moja. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo imeweka kwenye intaneti masimulizi zaidi ya 2,300 ya watu waliowahi kuwa watumwa, yaliyokusanywa kati ya 1936 na 1938. Hayo yanadai uangalifu: wasimulizi walikuwa wazee, wengi wao mafukara, na waliowahoji aghalabu walikuwa Wazungu wa majimbo yale yale ya kusini. Mwanafunzi ajizoeze kujua anayeuliza ni nani kabla ya kupima jibu.

Kwa kitabu cha kiada, The American Yawp kinatosha. Ni kazi ya wanahistoria wengi na kinasomwa bure mtandaoni.

Fedha kidogo iliyopo ningeitumia kwa vitabu viwili kuhusu Ujenzi Mpya (Reconstruction), yaani kipindi cha kuijenga upya Marekani kilichofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865: kile cha W. E. B. Du Bois cha mwaka 1935 na kile cha Eric Foner cha mwaka 1988. Du Bois aliwapinga wanahistoria waliowatwika watu weusi waliokombolewa lawama za kuvunjika kwa kipindi hicho, na Foner akaliendeleza jambo hilo kwa utafiti mpana wa nyaraka. Mwalimu aanze na sura ya mwisho ya Du Bois, ambamo anavikagua vitabu vya shule vya zama zake na kuonyesha vilivyowafundisha watoto kuhusu Ujenzi Mpya.