SOMO: Waridi la kutambaa lenye harufu kwenye kibustani kidogo cha mjini (kwa sie wa Uingereza)

Haya wapendwa, mmeniuliza sana kuhusu yale mawaridi mnayoyaona mwezi wa sita mitaa ya London, yamefunika uzio mzima, vimaua vidogo vidogo vichane kwa vichane, na harufu unaipata ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Ndo somo la leo. Nasema mapema kabisa, hili ni la sie tunaoishi kwenye winta. Walioko nyumbani nimewajibu kule chini kwenye maswali maana kwao mambo ni mengine.

Kwanza tuelewane, mawaridi yanayopanda ukuta yako ya namna mbili na watu wanayachanganya kila siku. Kuna yale ya matawi magumu yaliyosimama, maua makubwa, yanatoa kidogo kidogo samma nzima (majira ya joto). Halafu kuna haya ya kutambaa, matawi yake marefu na yanapindika, yanatoa maua mengi mara moja tu kwa mwaka, wiki tatu nne hivi, Juni kuingia Julai, basi mpaka mwakani. Kwenye lebo la kutambaa litaandikwa Rambler na lile jingine Climber au Climbing, soma hilo neno kabla hujaangalia picha. Na kama roho yako inataka maua mpaka Oktoba nunua lile jingine kwa amani, ila ujue harufu hii inayotembea hewani huipati kirahisi, kwa sababu mengi ya haya ya kutambaa harufu yake inatoka zile nyuzi za katikati ya ua sio petali peke yake, ndo maana huna haja ya kuingiza pua.

HATUA YA 1: Chagua saizi kwanza, harufu baadae

Hapa ndo watu wanapopotea. Unaona picha ya Kiftsgate, nyeupe, nzuri, bei sawa tu na zingine, unaibeba. Sasa hilo ni waridi lililopewa jina la bustani ya Kiftsgate Court kule Gloucestershire na linapanda juu ya miti mikubwa, linapita mita 12 bila wasiwasi, wewe uwanja wako wa nyuma una mita 5 kwa 7 na kamba ya nguo! Rambling Rector nalo harufu tamu kweli lakini mita 6 na zaidi, Bobbie James hivo hivo, Wedding Day hivo hivo. Na msijidanganye kwamba "nitalikata", waridi lenye nguvu ukilikata ovyo linajibu kwa matawi marefu zaidi na maua hulioni.

Kwa nyumba zetu hizi za kubanana mi napendekeza haya:

Goldfinch, la mwaka 1907, linafungua njano linaishia jeupe, harufu kali, miiba karibu hakuna. Mita 3 hivi. Kama una nafasi ya waridi moja tu maishani, chukua hili.

Veilchenblau, la Ujerumani, 1909, rangi ya zambarau inayopauka kuelekea kijivu, watu wengine hawaipendi mi naipenda. Nalo halina miiba ya kutisha. Mita 4.

Ghislaine de Féligonde, la Ufaransa, 1916, dogo dogo, mita 2.5 mpaka 3 na kidogo, na hili linarudia kutoa maua kidogo baadae. Harufu yake ya wastani tu, nisiwadanganye.

Na kama ukuta wako unaangalia kaskazini, jua la kuombea, chukua Albéric Barbier (1900) au Félicité Perpétue (1827), haya yanavumilia kivuli, ila ni marefu kidogo, mita 5 hivi, jipangeni.

HATUA YA 2: Waya kwanza, mche baadae

Mtu anapanda mche halafu mwaka wa pili ndo anakimbizana na drili huku matawi yanamchana uso. Funga waya kabla. Tumia waya wa mabati usioshika kutu na zile skrubu ndefu zenye kitundu kichwani. Waya wa chini sentimita 45 toka ardhini, halafu kila baada ya sentimita 30 mpaka 45 unaongeza mwingine, umelala, sio wa kusimama. Uache nafasi ya sentimita 5 kati ya waya na ukuta hewa ipite, ukuta ukigandamana na majani ukungu unaanzia hapo. Kama ni uzio wa mbao angalia nguzo zake kwanza, waridi la kutambaa lenye majani na mvua juu yake ni mzigo, ukija upepo wa Novemba uzio uliooza unalala nao chini. Na hakikisha uzio ni wa kwako. Kama ni wa jirani, muombe ruhusa kabla ya kutoboa.

HATUA YA 3: Kupanda

Kuanzia Novemba mpaka Machi wanauza miche ya mizizi mitupu, haina chungu wala udongo, inaonekana kama kuni, msiogope. Ni rahisi bei na inashika vizuri kuliko ya chungu. Ikifika iloweke mizizi kwenye ndoo ya maji kwa muda wa saa mbili hivi wakati unachimba.

Shimo lichimbe mbali na ukuta, sentimita 45, kwa sababu chini ya ukuta mvua haifiki, mnaona wenyewe mvua imenyesha siku nzima pale panabaki vumbi. Mche uulaze kidogo kuelekea ukutani. Shimo pana, kama sentimita 60, changanya samadi iliyooza vizuri, ya mbichi inaunguza. Udongo wa mfinyanzi wa London msiulaumu, waridi linaupenda, we ulegeze tu. Pale palipounganishwa mche na shina la chini (lile la waridi pori linaloubeba mche) pawe chini ya udongo kidogo. Shindilia kwa kisigino, mwaga maji ndoo nzima hata kama kunanyesha. Samma ya kwanza maji mengi mara mbili kwa wiki ni bora kuliko kunyunyizia kila siku, kunyunyizia kunaleta mizizi juu juu.

Kama hapo hapo palikuwa na waridi lingine, tafuta pengine au toa udongo wote ulete mwingine. Waridi jipya kwenye udongo wa waridi la zamani linadumaa.

HATUA YA 4: Kulaza matawi (hii ndo kazi yenyewe)

Jamani nisikilizeni hapa hata kama mengine mmeruka. Tawi likisimama wima nguvu zote zinakwenda kwenye ncha, kwa hiyo utapata maua juu kabisa, kwenye dirisha la jirani, wewe chini unaangalia miiba. Ile ncha inatuma homoni ya kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ukililaza tawi pembeni, sambamba na waya, ule uzuizi unapungua na kila jicho njiani linachipua kitawi chake, na kila kitawi kinabeba kichane cha maua. Yaani waridi la mita 4 linaenea kwenye uzio wa mita 1.8 na bado linakaa adabu, kwa sababu urefu umeupeleka pembeni. Hivi ndivyo kibustani kidogo kinavyobeba waridi kubwa.

Laza tawi likiwa bado changa, mwezi wa nane wa tisa hivi, likishakomaa linavunjika. Tandaza kama feni, la kushoto kushoto la kulia kulia. Funga kwa kamba laini, zungusha namba nane kati ya tawi na waya, usikaze, tawi litanenepa. Msipenyeze matawi nyuma ya waya, siku ya kuyatoa mtalia.

HATUA YA 5: Kupogoa

Haya yanatoa maua kwenye matawi ya mwaka jana. Andika mlangoni. Ukishika makasi Machi ukakata kila kitu unasema nasafisha, umekata maua yote ya Juni. Subiri maua yaishe, Julai Agosti, halafu kata mpaka chini moja ya tatu ya matawi makongwe, yale yenye gome la kijivu, na yale vijana ya kijani yaliyotoka chini uyalaze mahali pake. Vitawi vya pembeni vilivyokwisha toa maua punguza kwa nusu au zaidi kidogo. Miaka miwili ya mwanzo usikate kitu zaidi ya kilichokufa.

Glavu za ngozi, sio zile za kuoshea vyombo. Na chanjo ya pepopunda iwe imekaa sawa, mwiba wa waridi sio wa kudharau.

Wadudu kwa ufupi: vidukari vya kijani virushie maji ya bomba asubuhi, au waachie wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, wanavila. Majani yenye madoa meusi okota yote yaliyodondoka utupe, usiyaache chini wala usiyaweke kwenye mboji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Leicester): Shikamoo dada. Langu lina mwaka wa nne, majani tele, ua hata moja. Mume wangu anasema tung'oe.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, mwambie shemeji aweke jembe chini kwanza. Nani anapogoa na lini? Nahisi shemeji mwenyewe, mwezi wa tatu. Kama sivyo, angalia mbolea, ukilipa ile ya nyasi linakula naitrojeni linatoa majani tu. La tatu, inawezekana shina la chini limeota likalifunika lenyewe. Watu watakwambia hesabu vijani vya kila jani, vikiwa saba ni pori. Kwa haya ya kutambaa hiyo haifai, mengi yana vijani saba kihalali kabisa. Fuata tawi mpaka chini, kama limetokea chini ya pale palipounganishwa hilo ni chipukizi la pori, lichimbue ulinyofoe kwa mkono, ukilikata linarudi mawili.

Swali (Manchester): Mi nimepanga, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Kwenye chungu linakubali?

Jibu: Ghislaine linakubali, hayo makubwa usiyatese. Chungu cha upana na kina cha sentimita 50 kwenda juu, udongo wa bustani uwemo sio mboji tupu, na kichanja chako cha kusimama chenyewe ndani ya chungu au nyuma yake. Samma ni maji karibu kila siku kaka, ukisafiri kwenda nyumbani mwezi mzima tafuta mtu wa kumwachia ufunguo. Ukihama unaondoka nalo.

Swali (Barking): Jirani kanigongea anasema matawi yanaingia kwake na atayakata. Ana haki?

Jibu: Anayo, mpaka pale mpaka wenu ulipo, hapiti zaidi ya hapo na haingii kwako bila ruhusa. Alivyokata kisheria bado ni vyako, kwa hiyo akikuuliza unavitaka au la usishangae. Mi ningemwahi, ningemwambia nitakuja kukata mwenyewe Agosti, we vumilia maua kwanza. Wengi wakishanusa wanatulia.

Swali (Nairobi): Nataka kupanda Rambling Rector huku Lang'ata, ama nisijisumbue?

Jibu: Usijisumbue dadangu. Haya yanayotoa mara moja kwa mwaka yanasubiri baridi ya winta ndo yajipange, huko yatakupa majani na miiba. Tafuta yale ya kupanda ukuta (Climber) yanayorudia kutoa maua, yenye damu ya mawaridi ya China, hayo hayasubiri winta na kwa hali ya hewa yenu yanatoa karibu mwaka mzima. Kulaza matawi kunabaki vile vile. Ila usichomeke vijiti vya shada la shambani Naivasha ukitegemea harufu, yale yamezalishwa yakae siku nyingi kwenye chombo cha maua, harufu haikuwa shida yao.

Swali (Mombasa): Na sisi wa joto je?

Jibu: Nyie mna asumini, mnatafuta nini tena? Unapanda kwenye jua, unaipa maji, na hiyo ni kinyume cha waridi langu, inatoa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila ukiipunguza inaongeza maua. Vikuba mnavyo mlangoni.

Swali (Reading): Maganda ya ndizi kuzunguka shina yanasaidia? Nimeona video.

Jibu: Yanasaidia panya. Weka kwenye mboji yaoze kwanza.

Swali (Leyton): Rafiki yangu ana Goldfinch kubwa, naweza kupata mche bila kununua?

Jibu: Tena rahisi, na kwa kuwa ni la zamani hakuna haki za mzalishaji za kuogopa. Mwezi wa kumi kata fimbo za mwaka huu huu, unene wa penseli, sentimita 25 hadi 30, chini kata pale chini ya jicho, juu kata juu ya jicho. Chomeka pembeni penye kivuli kidogo, theluthi mbili ziwe ndani ya udongo, weka mchanga kidogo chini. Chomeka sita saba maana zote hazitashika. Halafu ziache mwaka mzima, maji tu, na usiwe unazivuta kila wiki kuangalia kama zimetoa mizizi, nakujua.